Sweta la Mama Barafu

Kila asubuhi Mama Barafu alikwenda kazini akinuka moshi, na alijua. Hakuona aibu. Mtu anayepika kwa kuni atanuka nini, marashi?

Sweta lake lilikuwa zito, la buluu, lenye kiraka kwenye kiwiko. Jioni lilitundikwa kwenye msumari juu ya mafiga. Asubuhi mama mkwe wake alilishusha likiwa bado na joto.

"Shika, mwanangu," alisema asubuhi ile. "Baridi yote imetoka."

"Ahsante, mama."

Mama Barafu alifanya usafi katika jengo la utafiti, kwenye vyumba vya kuhifadhia barafu. Ndiyo maana mtaa mzima ulimbandika jina hilo. Jina lake la kuzaliwa wengi walikwisha kulisahau, naye hakuwa na kinyongo.

Mama mkwe wake, ambaye nyumbani wote walimwita Bibi, alikuwa na imani moja isiyotikisika. Aliamini kwamba baridi ya kule kazini humganda mkwe wake kwenye sweta. Sweta huileta nyumbani. Nyumbani humwingia mtoto kifuani.

Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa miaka saba. Walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Aliongea tangu anaamka mpaka analala. Alimweleza bibi yake habari za shule, za paka wa jirani, za jino lake linalotikisika. Lakini sasa miezi mitatu ilikuwa inakatika, na Chiriku alikuwa anakohoa. Akianza kusema, kikohozi kinamkata. Akirudia, kinamkata tena. Mwishowe anaacha tu. Nyumba ilikuwa imepoa, na kimya kile kilimuuma mama yake kuliko kikohozi chenyewe.

Bibi alipambana na baridi kwa nguvu zake zote. Alikunja gunia akaliziba dirisha la jikoni. Alisema mlango usiachwe wazi. Alimwekea mjukuu wake kigoda karibu kabisa na mafiga, apate joto. Asubuhi hii pia Chiriku alikuwa palepale, macho mekundu, kikombe cha chai mkononi.

"Mama," alisema Chiriku, "jana mwalimu ali..." Kikohozi kikamshika. Alikohoa mpaka chai ikamwagika.

Bibi aliweka mwiko chini. "Umeona? Nimetia moto, nimeziba dirisha, na bado. Mimi nafukuza baridi mlangoni, wewe unairudisha kila jioni."

"Mama, baridi gani hiyo ya miezi mitatu?"

"Ya barafu! Kuna nyingine?" Bibi alishusha sauti. "Sikuchukii, mwanangu. Nakupenda. Lakini mtoto anaisha hivi hivi tunamwangalia. Jumatatu nenda ukaage kazini."

Mama Barafu alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa mwashi. Nusu ya nyumba za mtaa ule zilipita mikononi mwake. Ukuta haukumshinda, lakini kuwa katikati ya mama yake na mkewe kulimshinda kabisa. Alikuwa akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Sawa," alisema Mama Barafu. "Leo ni Jumanne. Kama Jumatatu hajapata nafuu, naaga. Hakuna kazi inayomzidi mwanangu."

Alisema kwa sauti imara, maana ndivyo alivyokuwa. Akavaa sweta lake na kutoka. Alipofika kona ya mtaa, akafuta machozi. Hayakuwa ya moshi.

Jengo la utafiti lilikuwa na chumba cha nje cha kubadilishia viatu, chumba cha kuoshea vyombo, na ndani kabisa chumba cha barafu chenye mlango mnene kama godoro. Mle ndani baridi iling'ata masikio. Kwenye rafu kulikuwa na mamia ya vipande virefu vya barafu, vya mviringo, unene wa mguu wa meza. Wafanyakazi waliviita magogo. Vilitobolewa kwa mashine juu ya mlima mrefu, mahali ambapo theluji haikuwa ikiyeyuka.

Mkuu wa kazi alikuwa mwanamke mwembamba aliyeitwa Daktari. Alikuwa daktari wa kusoma, si wa kutibu. Siku yake ya kwanza kazini, Mama Barafu alimwomba dawa ya tumbo. Daktari alicheka mpaka akashika mbavu. "Pole, mama," alisema. "Mgonjwa wangu mimi ni barafu." Tangu siku hiyo walipatana.

Leo Daktari hakucheka. Alikuwa amekaa mbele ya karatasi zake, ameshika tama.

"Kuna nini, Daktari?"

"Barafu yetu imeingiliwa na masizi."

"Si ndiyo mnayoyatafuta? Kila siku masizi, masizi."

"Natafuta ya zamani, mama. Haya ni ya leo." Daktari alimvutia kiti. "Kaa. Nyumbani una sanduku la mablanketi?"

"La mama mkwe wangu. Usiliguse bila ruhusa."

"Haya. Blanketi la kwanza liko chini, la mwisho liko juu. Theluji mlimani ni hivyo hivyo. Ya mwaka huu inaanguka juu ya ile ya mwaka jana. Uzito unaishindilia, inakuwa barafu. Chochote kilichokuwa hewani mwaka huo kinanaswa humo humo. Wakati wa kiangazi vumbi linaacha mstari. Tunahesabu mistari, tunajua miaka."

"Na masizi?"

"Msitu ukiungua, masizi yanapeperushwa mpaka kule juu. Tunayeyusha kipande cha mwaka huo, tunapima maji yake. Kwa hiyo tunajua miaka ya mioto mikubwa, hata ile ambayo hakuna aliyeiandika. Tunajua pia moshi wa magari na viwanda ulianza kuzidi lini, maana kuni huacha alama yake, na mafuta na makaa ya mawe huacha yake."

Mama Barafu alitikisa kichwa. Alikuwa amedeki sakafu ile miaka minne, na hakuwahi kujua kwamba anadeki kando ya mioto ya kale.

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Kila siku tunagandisha maji safi kabisa, yasiyo na kitu. Tunayapima pamoja na barafu ya mlimani. Tunayaita shahidi. Shahidi akiwa na masizi, ujue yameingia humu ndani. Na shahidi wetu ana masizi karibu miezi mitatu sasa. Siwezi tena kusema huu ni moto wa zamani au ni uchafu wa kwetu. Nusu ya kila gogo tumeshaitumia. Imebaki nusu ya akiba. Ikiharibika hiyo, basi. Pale tulipotoboa, barafu imekwisha yeyuka. Ni mawe matupu."

Mama Barafu alisimama, mikono kiunoni. "Daktari, mimi chupa mnazotilia maji ya barafu naziosha mara tatu. Mara tatu! Kwa maji yale yale mliyonionyesha."

"Najua. Sikulaumu hata kidogo. Namsaka mwizi tu."

"Basi tumsake wote. Mimi mwizi wa kwenye usafi wangu simwachi."

Walimsaka. Daktari alichukua chupa mpya kumi zilizofungwa, na chupa kumi kutoka kwenye rafu ya kukaushia. Zote alizitia maji safi. Alipima moja moja. Saa sita mchana jibu lilipatikana. Chupa mpya zilikuwa safi. Za kwenye rafu zilikuwa na masizi.

"Na ni ya kuni," alisema Daktari, akikuna kichwa. "Kuni! Jengo hili halina hata jiko. Nani hapa anapika kwa kuni?"

"Mimi," alisema Mama Barafu. "Lakini si hapa. Nyumbani."

Wakatazamana. Kisha, kama watu waliovutwa na kamba moja, wote wawili wakainua macho juu ya rafu ya chupa. Kulikuwa na ndoano ukutani. Kwenye ndoano, likiwa limetulia halina habari, lilining'inia sweta la buluu.

Chumba cha kuoshea hakikuwa na baridi. Mama Barafu alilivua sweta kila alipoosha chupa, akalitundika hapo hapo juu yake. Akilivaa analikung'uta kidogo. Akilivua analikung'uta kidogo.

Daktari alichukua karatasi nyeupe, laini. Akaipitisha kwenye bega la sweta mara moja tu. Karatasi ikawa nyeusi.

"Lakini nimelifua Jumamosi!" Mama Barafu alihisi uso unamwaka.

"Linakaa wapi nyumbani?"

"Juu ya mafiga. Mama mkwe wangu analikausha baridi." Akaeleza yote: baridi inayokuja na sweta, gunia dirishani, kigoda, kikohozi. Alimaliza akaona Daktari ameacha kuandika.

"Mama, baridi haibebeki kwenye nguo. Ukitoka hapa, ukitembea hatua mia moja, sweta lina joto kama nguo yoyote. Kinachobebeka ni hiki." Aliinua ile karatasi. "Sasa niambie. Sweta linakaa juu ya moshi ule usiku mmoja tu, halafu linachafua chupa chumba kizima. Ni nani mwingine anakaa pale?"

Mama Barafu aliitazama karatasi. Aliona kigoda. Aliona macho mekundu na kikombe cha chai.

"Mwanangu," alisema.

"Alianza kukohoa lini?"

"Miezi mitatu. Yalikuwa mafua tu, ndipo Bibi akaziba dirisha." Alikaa chini polepole. "Sweta nalo alianza kulitundika wakati huo huo. Daktari, tulikuwa tunamtibu kwa kitu kinachomuumiza."

"Mlikuwa mnampenda," alisema Daktari. "Mlikosea njia tu. Njia inarekebishika."

Jioni Mama Barafu aliingia nyumbani bila sweta. Alikuwa ameliacha kazini, ndani ya mfuko uliofungwa. Alimwinua Chiriku kwenye kigoda, akamtoa uani, akampa mkeka. Kisha akaling'oa gunia dirishani.

"Wewe!" Bibi aliruka. "Umeingiwa na nini?"

"Mama, si baridi. Ni moshi."

"Moshi?" Bibi alicheka kicheko kikavu. "Mimi nimepika kwa moshi tangu nikiwa kigori. Nimelea watoto watano jikoni humu humu. Angalia, niko hapa, na mdomo ninao."

"Na macho yanakuwasha kila jioni. Na ukipanda ngazi za kwa jirani unasimama mara mbili kupumua."

"Huo ni uzee!"

"Sawa, mama. Sitabishana nawe. Keshokutwa Daktari wangu atakuja. Atapima hewa ya jikoni mbele ya macho yako. Akikuta safi, Jumatatu naaga kazi, na gunia nalirudisha kwa mikono yangu."

Bibi alimwangalia kwa pembe ya jicho. Hakuna kitu alichopenda kuliko kushinda. "Aje," alisema.

Asubuhi iliyofuata Mama Barafu aliomba ruhusa kazini, akampeleka Chiriku kituo cha afya. Bibi alikuwa ameizuia safari hiyo siku zote, akisema watajibiwa ni baridi tu. Muuguzi alimsikiliza mtoto kifuani, mbele na nyuma. Alimpima uzito. Alimpima pia kifua kikuu, naye hakuwa nacho.

"Kikohozi kikizidi wiki mbili, njooni kupima, msikae nacho miezi," alisema muuguzi. "Na mtoto akipumua haraka haraka, au mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi, kimbieni siku hiyo hiyo. Huyu njia zake za hewa zimevimba. Nampa dawa. Lakini mkimrudisha kwenye moshi, dawa hii itakuwa ni kuteka maji kwa ungo. Mnapika kwa nini?"

"Kwa kuni. Chumba kimefungwa."

"Basi umejijibu, dada."

Alhamisi alasiri Daktari alikuja na kisanduku kidogo chenye pampu ya kuvuta hewa. Ndani yake aliweka karatasi nyeupe ya mviringo, ndogo kama kizibo cha chupa. Akakitundika kwenye msumari ule ule wa sweta, gunia likarudishwa dirishani kwa muda, na Bibi akaambiwa apike maharage kama kawaida. Wote wengine walikaa uani.

Bibi alipika kwa madaha, akiimba. Maharage yalipoiva, Daktari akafungua kisanduku. Karatasi ilikuwa nyeusi tititi.

Bibi aliitazama. "Umeileta hivyo hivyo," alisema, lakini si kwa nguvu.

"Bibi, uliiona nyeupe."

"Niliiona," alikubali.

Daktari alitoa kijibahasha mfukoni. "Nina nyingine ya kukuonyesha. Hii nimechuja jana maji ya barafu ya mlimani, kwa chupa mpya, safi. Ni ya miaka arobaini na moja iliyopita. Katika magogo yote, sijaona mwaka wenye masizi mengi kama huo. Nadhani kulikuwa na moto mkubwa, ila sina aliyeushuhudia."

Bibi alinyanyua kichwa. "Miaka mingapi?"

"Arobaini na moja."

"Ndio umri wa huyu." Alimnyooshea kidole mwanawe, mwashi. "Nilimzaa mwaka wa moto. Msitu wote wa chini ya mlima uliteketea. Wiki tatu! Mchana ukawa giza, kuku wakapanda kulala saa saba. Mimi nimetoka uzazini, mtoto kifuani, namfunika uso kwa khanga nimkinge na..."

"Umkinge na nini, mama?" aliuliza Mama Barafu taratibu.

"Na moshi," alisema Bibi.

Daktari aliweka karatasi mbili kwenye kiganja cha Bibi. Moja ya mwaka wa moto. Moja ya maharage. "Kusema kweli, huwezi kuzilinganisha kipimo kwa kipimo," alieleza. "Hii imechuja maji, hii imevuta hewa. Lakini ya jikoni ni ya saa mbili tu."

Ya mwaka wa moto ilikuwa ya kijivu. Ya maharage ilikuwa nyeusi.

Machozi yalimlengalenga Bibi. Kisha akamwita Chiriku, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. "Baba yako nilimkinga na moshi," alisema. "Wewe nimekuweka ndani yake. Nisamehe, mama yangu."

Kisha akafuta uso, akamgeukia mwanawe, na sauti yake ikarudi ilivyokuwa. "Na wewe mwashi! Umejengea watu majumba, mama yako anapika kwenye pango. Umeona karatasi hii au nikubandike usoni?"

Mwashi alikuwa amekwisha simama. Kwa mara ya kwanza mama yake na mkewe walikuwa upande mmoja, naye alijua la kufanya. Kwa siku tatu alijenga jiko la matofali na udongo, lenye mlango mdogo wa kuni ili ziungue vizuri na zisiliwe nyingi. Aliliwekea bomba la moshi lililotoka ukutani na kupita juu ya paa. Alilipanua dirisha, kisha akatoboa matundu ya hewa juu ya ukuta. Kuni alizipasua vipande vyembamba, akazipanga juani chini ya bati, kwa sababu kuni mbichi ndizo zinazotoa moshi mwingi. Na sheria ikatungwa: moto ukiwaka, mtoto yuko nje. Sheria hiyo ilitungwa na Bibi, kwa hiyo haikuwa na rufaa.

Jumatatu ilifika. Chiriku alikuwa bado anakohoa, lakini alilala bila kushtuka. Mama Barafu alipofungua mlango, Bibi alimfuata.

"Unakwenda wapi?"

"Si ulisema nikaage?"

"Nani alisema?" Bibi alimkabidhi sweta. Lilikuwa limerudi na mfuko wake kutoka kazini, likafuliwa, likakaukia kwenye kamba, juani. Lilinuka sabuni. "Nenda kazini. Mwambie Daktari nataka kujua mwaka niliozaliwa mimi ulikuwaje."

Kazini Mama Barafu mwenyewe alipendekeza utaratibu mpya. Hakuna nguo ya nyumbani kupita chumba cha nje. Kila mtu avae koti la kazi, hata Daktari. Chupa zikishaoshwa, zifunikwe. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni kukagua, na hakumwonea mtu haya. Wiki ya pili shahidi alipimwa. Hakuwa na masizi. Daktari alimwinua Mama Barafu juu, au alijaribu.

Ile nusu ya akiba ikapimwa yote. Miaka ikaanza kujieleza: mingi myeupe, michache ya kijivu hafifu, kisha ule wa moto, ukiwa peke yake. Kuelekea juu masizi ya mafuta yaliongezeka kidogo kidogo. Mwaka aliozaliwa Bibi ulikuwa mweupe pe. Alipoambiwa, alitembea mtaa mzima akitangaza.

Miezi miwili baadaye, Mama Barafu alirudi nyumbani jioni. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka juu ya paa. Kabla hajafika mlangoni alisikia sauti. Chiriku alikuwa amekaa nje ya dirisha la jikoni, anamweleza bibi yake habari za mwalimu, paka, jino lililong'oka na jino linalofuata. Hakuvuta pumzi katikati.

"Mtoto huyu!" Bibi aliita kutoka ndani. "Kichwa kinaniuma! Hebu ninyamazie dakika tano tu, niisikie sufuria."

Chiriku akanyamaza. Ikapita dakika moja. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyesema.

Kisha kichwa cha Bibi kikatokeza dirishani, mwiko mkononi.

"Umenyamazia nini?" aliuliza kwa wasiwasi. "Sema, mama yangu. Sema. Paka akafanyaje?"